Kitambaa Shingoni mwa Watachoka

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Ilula ambayo hadi leo naisikia masikioni. Nakusimulia kwa sababu nimeona unavyokimbizana na yule mbwa wa stendi, ugali mkononi, naye anakukimbia.

Mume wangu alipofariki alimwacha mbwa wa rangi ya udongo. Alimpa jina la Watachoka, kwa ajili ya majirani waliopenda kutusema. Siku ya mazishi watu walijaa uani, na mbwa akawa anazungukazunguka karibu na masufuria akimtafuta mwenyewe. Wapishi wakampiga mawe. Hakurudi tena. Akahamia barabarani, wanawake wanapowauzia wasafiri nyanya, akilala chini ya meza na kula mabaki yanayotupwa na abiria. Sikumfuata. Wakati ule hata kujilisha mwenyewe kulikuwa kazi.

Kisha mtoto wa jirani akang'atwa na mbwa mwingine, si Watachoka. Gari la matangazo likapita: Jumamosi mbwa wazururaji wote watapigwa risasi. Mwenye mbwa amfungie ndani, au walau amvishe kitu shingoni ajulikane ana mwenyewe.

Hapo ndipo niliposhtuka. Vitu vya mume wangu vilikuwa vimeshagawiwa ndugu zake, hata koti. Kwangu alibaki yule kiumbe tu, naye nilikuwa nimemwacha barabarani.

Nikaenda na bakuli la dagaa, na kamba ya kumfunga. Nilimwona ng'ambo, ubavu umechubuka, masikio ameyalaza. Nikamwita. Akanitambua, akaja hadi ukingoni mwa lami, karibu kabisa. Nikainama kumwekea bakuli. Akaruka kama aliyechomwa na moto, akavuka mbele ya lori. Breki zililia hadi wauza nyanya wakashika vichwa. Hakugongwa, ila mimi nilikaa palepale chini.

Ijumaa nikarudi, ikawa vilevile. Kijana mmoja wa bodaboda, Mnyakyusa, akacheka kwa ule utani kwamba Wahehe tunakula mbwa: "Mama, nyie Wahehe mbwa mnamtakia nini? Mboga?"

"Ningemtaka mboga ningemwita kwa jina?" nikamjibu.

Wenzake wakamzomea. Ndipo akaona kitambaa changu cheupe cha msiba kichwani, akavua kofia. "Pole, mama. Nilikuwa natania."

Mama mkwe wangu alikuwa nyuma ya ndoo zake za nyanya, ananitazama. Akaniita.

"Unainama," akasema.

"Namwekea chakula, mama."

"Yeye anajuaje? Hapa kwetu anayeinama mbele ya mbwa anaokota jiwe. Amepigwa mawe kwenye msiba wetu wenyewe, halafu unamwinamia! Kaa kabla hajafika. Ukishakaa, usisimame, usimwite, usimtazame. Na hiyo kamba iache nyumbani, ataiona."

"Na akichelewa? Kesho ndiyo Jumamosi."

"Atachelewa. Wewe kaa."

Asubuhi ya Jumamosi, ukungu haujaondoka, nilishakaa kwenye kigoda kando ya meza yake, dagaa mapajani. Watachoka akatokea kati ya matenga. Nikadondosha dagaa, macho nimeyaelekeza barabarani. Nikasikia anatafuna. Nikadondosha mwingine karibu na mguu wangu.

Risasi ikalia upande wa bondeni. Mwanangu, mwili wangu wote ulitaka kumrukia nimkamate. Niliibana mikono kati ya mapaja. Yeye alisimama akitetemeka, akaangalia barabara, na basi lilikuwa linakuja. Ikalia ya pili, karibu zaidi. Akajiingiza kati ya magoti yangu, chini ya kitenge, kama alivyokuwa akijiingiza kwa mume wangu radi zikianza.

Wenye bunduki walishaonekana kwenye kona, na shingo yake ilikuwa tupu. Sikuwa na kitu ila kile kitambaa cheupe kichwani, alichonifunga mama mkwe mwenyewe, na siku ya kukifungua ilikuwa bado. Nikakivua. Nikakipitisha taratibu chini ya kidevu chake, nikafunga.

"Huyo ana mwenyewe?" mmoja akauliza.

"Mimi."

Akakitazama kitambaa, akakitazama kichwa changu kitupu. Akashusha bunduki, wakapita.

Nyumbani wifi yangu aliwaka. "Kitambaa cha kaka yangu, shingoni mwa mbwa?" Aliyejibu ni mama yake, bila kupaza sauti: "Mwache. Na huyo kafiwa."

Mvua za mwaka ule ziliisha kabla hajakubali kula chakula huku mtu amesimama karibu. Kuni nilikuwa naokota nimechuchumaa, asinione nikiinama. Ndivyo tulivyoishi, hadi siku alipokuja mwenyewe kuniegemea mgongoni.

Basi yule wa stendi usimkimbize. Tangulia kukaa, watu wakuone mjinga, wewe kaa. Akishakuzoea mpeleke kwa bwana mifugo achanjwe kichaa cha mbwa. Huruma peke yake haitoshi. Na binadamu aliyeumizwa mwendee hivyohivyo. Huenda mkono wako wenye chakula yeye anauona una jiwe, na kosa si lake. Akikukimbia usimkasirikie, jiangalie kwanza umesimamaje.

Mungu akupe mikono isiyotisha, mwanangu, na akuwekee karibu mtu wa kukwambia kila unapoinama.