Ndugu wa Stesheni Masta

Siku yangu ya kwanza kazini niliibiwa ini. Nilikuwa nimevaa koti jeupe alilolipiga pasi mama yangu kule nyumbani Itetemia, nimesimama kwenye machinjio ya Tabora mbele ya Afisa Afya wa Mji, kisu mkononi. Kazi ilikuwa kulipasua ini la ng'ombe na kutafuta minyoo bapa, wale walio kama majani madogo, wanaojificha kwenye mishipa ya nyongo. Ukiona ini ni safi, unagonga mhuri, nyama inakwenda buchani. Nikaliinua nilitazame vizuri kwenye mwanga. Mwewe akashuka, nikabaki na kisu.

Afisa Afya alikuwa mtu mzima asiyecheka saa za kazi. Akaniuliza kama nilikuwa nimeshagonga mhuri. Nikamjibu bado.

"Basi mwewe amekula nyama isiyokaguliwa," akasema. "Akirudi mwambie ni kosa."

Wachinjaji walicheka mpaka wakaweka visu chini. Mimi niliona haya hadi masikio yakawaka. Lakini mzee yule ndiye aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu. Kwake yeye ndege wa mjini ni kibarua: mwewe anaokota utumbo, korongo anamaliza mifupa, kunguru anafagia soko, na hakuna hata mmoja anayeomba likizo. Ukiona ndege wamezidi, alisema, usimfokee ndege, kalitazame jalala. Nilimwitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, na nilipopata cheo nikayasahau yote, kama ilivyo desturi ya wenye vyeo.

Baadaye nikapelekwa Usoke, kwenye tumbaku. Huko kazi yangu ilikuwa vyoo. Nyinyi vijana siku hizi mnapiga picha ya choo kwa simu mnaituma wilayani. Sisi tulipima kina cha shimo kwa kamba yenye jiwe, mbele ya mwenye nyumba. Na mwenye nyumba wa Usoke, ukimwambia akuonyeshe shimo lake, anakupeleka kwa jirani. Choo kimoja kizuri nilikikagua kwa niaba ya familia tatu kabla sijashtuka. Mimi, Bibi Afya wa watu, nikajiona mjinga.

Halafu uhamisho ukanitupa Tura.

Tura ni kijiji cha stesheni. Treni ya abiria ikisimama, soko linafunguka. Ikiondoka, soko limefungwa. Kina mama wanakimbia sambamba na mabehewa, nyungo kichwani, kuku wa kukaanga, mayai, wali, asali kwenye chupa, na abiria wananyoosha mikono madirishani. Kinara wao alikuwa Mama Kalunde, mjane, mtu wa kanisani, mwenye mdomo usio na breki. Kuku wake alisimuliwa mpaka Kigoma. Kwa kuku huyo alikuwa anawalea wajukuu waliobaki mikononi mwake, na hakuwa na shamba la kutegemea wala mtoto wa kumtumia kitu. Stesheni ndiyo iliyokuwa shamba lake.

Shida ikawa kunguru. Kunguru wetu wa zamani tunamjua, ana kizibao cheupe kifuani, anakaa mashambani na mambo yake. Huyu alikuwa mwingine, mwembamba, shingo ya kijivu, sauti ya ugomvi. Ametoka pwani. Watu wa Tura walisema alipanda behewa la mizigo Dar es Salaam, akala nafaka njia nzima, akashuka alipopapenda, na tiketi hakukata. Alikuwa haogopi mtu. Ananyakua paja la kuku katikati ya mkono wa Mama Kalunde na mkono wa abiria, na abiria anaanza kugombana na Mama Kalunde badala ya kugombana na kunguru.

Malalamiko yakafika juu. Afisa Afya wa Wilaya akaja, kijana mwenye tai, akatutangazia mimi na Stesheni Masta kwamba Mkaguzi wa stesheni yuko njiani. Akifika akute ndege wameondoka. Akiwakuta, kina mama ndio watakaoondoka, wasikanyage tena pembeni ya reli. Akanikabidhi sumu ya kutengenezea chambo, yaani nyama iliyokatwakatwa ikachanganywa na sumu, ukaiweka pale ndege wanapokula.

"Kunguru ni mharibifu, Bibi Afya," akasema. "Mharibifu habembelezwi."

Nilikubali kwa moyo mmoja. Niliwapenda wale kina mama, na usingizi ulinipaa nikifikiria Mama Kalunde akirudi nyumbani na ungo wake asijue kesho auze wapi.

Asubuhi nikaenda stesheni na ndoo ya chambo, glavu hadi kwenye viwiko. Mama Kalunde akaja akakalia kifuniko cha ndoo. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akaniuliza ndani mna nini, nikamwambia dawa ya kunguru. Akauliza kunguru hao wametoka wapi. Nikasema pwani. Akauliza pwani ni kwa nani, na hapo nikajua nimeshikwa.

Mnyamwezi gani asiyejua? Tangu babu zetu walipobeba mizigo begani kuteremka pwani, wakapokelewa na Wazaramo, wakagombana nao, wakapatana nao, sisi na wao ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia kwako akaondoka na kitoweo. Nawe unalipiza, mnacheka, basi. Anayekasirika ameshindwa.

"Mtani akikuibia kuku unamnyang'anya chake," akasema Mama Kalunde. "Sumu ni ya adui. Mimi na hawa hatujafika huko."

Nikamwambia Mkaguzi hajui utani, mama, utafukuzwa hapa. Akasema anajua. Kisha akanyanyuka, akaingia ofisini kwa Stesheni Masta.

Stesheni Masta alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mtu nadhifu, kofia ya kazi haimtoki kichwani. Mama Kalunde akaivua mbele ya wapagazi, akaiweka kwenye ungo kati ya kuku, akafunika kawa. Akamwambia ndugu zake wamekula vya kutosha, na kofia ni rehani mpaka atakapowatia adabu.

Masta akavimba. Treni ilikuwa karibu, na kupokea treni kichwa wazi ni kosa. Lakini kukasirikia utani ni kosa kubwa zaidi, na wapagazi wote walikuwa wanautazama mdomo wake.

"Ndugu zangu wamekosa," akasema. "Lakini nyinyi Wanyamwezi tangu lini mnampitishia mgeni chakula puani bila kumkaribisha?"

Maneno yale yakanizindua. Nilizunguka nyuma ya meko ya kina mama, mahali ambapo miezi yote ile sikuwa nimepatazama: matumbo, manyoya, makoko ya wali, yamezagaa hatua chache kutoka reli. Sisi wenyewe tulikuwa tumeandaa karamu. Chambo nikakifukia kwenye shimo refu na chokaa juu. Tukachimba jalala mbali, ng'ambo ya tangi la maji, na Masta akachukua jukumu la kuwakaribisha ndugu zake: kabla ya treni kuingia, anagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kule, mabaki yanamwagwa. Kunguru hafugiki, wahenga wamesema, lakini ratiba anaishika. Haikupita muda, reli ikilia tu kundi zima linahamia tangini, na kina mama wanauza kwa amani, kawa juu ya kila ungo, kofia juu ya kichwa cha Masta.

Mkaguzi akaja, yule kijana wa tai nyuma yake. Akakuta usafi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanunua paja kwa Mama Kalunde. Alipoliinua mdomoni, kunguru mmoja aliyechelewa karamu akapita nalo.

Mama Kalunde alishika ungo wake kwa mikono miwili kama mtu anayejiandaa kuondoka. Kijana wa tai akanitazama kwa jicho la kufukuza kazi. Ndipo Stesheni Masta akasogea mbele, akapiga saluti.

"Samahani, mkuu. Huyo ni ndugu yangu. Nyumbani hatukumlea vizuri."

Mkaguzi akamtazama, akawatazama kina mama waliojiziba midomo kwa khanga, akamuuliza Masta kwao wapi. Masta akasema Kisarawe. Mkaguzi alikuwa Msukuma, mtani wa Wazaramo vilevile, na utani haumpigi Msukuma chenga. Akaanza kucheka polepole, akaishia kushikilia nguzo. Akaomba paja lingine, akalila chini ya paa, akapanda treni. Kina mama wakabaki.

Sasa nimestaafu, niko Itetemia, naanika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa, na kunguru ananipunguzia. Vijana wa chuo cha afya wakija wananiuliza kama huyu ndege ni mharibifu. Nawaambia uchafu anaubeba kweli, alipokanyaga mimi sili. Nawaambia pia waanze na jalala. Lakini jibu langu kamili nililitoa Tura, siku tuliyomzika Mama Kalunde.

Mzaramo akiwapo mazikoni, yeye ndiye anayemfukia Mnyamwezi. Hiyo ni haki ya mtani. Masta alikuwa amestaafu zamani, akaja na treni kutoka pwani, fimbo mkononi. Katekista alipomaliza sala, mzee yule akateremka kaburini akaketi, kama watani wafanyavyo mpaka walipwe ndipo watoke. Katekista akambembeleza. Akakataa katakata.

"Natoka kwa neno moja," akasema. "Bibi Afya aliyeleta sumu aseme mbele ya marehemu. Ndugu zangu ni waharibifu?"

Watu wote wakanigeukia. Jibu la mtihani nilikuwa nalo. Nikaliacha.

"Ni wezi," nikasema. "Na ni ndugu zetu."

Akanyoosha mkono, tukamvuta juu. Uso ulikuwa umelowa machozi. Akachukua koleo, na uzee wake ule hakumpa mtu mwingine mpaka alipomaliza kumfukia mtani wake.