Kiti Kimoja cha Kwenda Morogoro

Kisiwa chetu hakina reli. Hakijawahi kuwa nayo, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuiulizia. Mimi nimesomesha jografia Micheweni kwa miaka mingi, na kila nilipofika somo la usafiri nilichora kichwa cha treni ubaoni kwa chaki, na magurudumu yake yote na vyuma vinavyoyashika, mpaka wanafunzi wakachoka kusubiri.

Mapenzi hayo niliyapata nikiwa kijana. Shangazi yangu alipelekwa Dar es Salaam kutibiwa, nami nikafuatana naye kumtunza. Tulifikia kwa jamaa waliokaa karibu na njia ya reli. Kila alfajiri, treni ilipopita, vikombe vya chai vilitikisika kabatini, nami nikatoka mbio kwenda kuitazama. Shangazi alipona, tukarudi Pemba kwa boti, na treni sikuipanda. Nilikuwa nimeitazama tu.

Nilipopata simu ya kisasa nikagundua kuwa wazimu huu si wangu peke yangu. Kulikuwa na kikundi cha wapenda treni, watu wa bara na wageni wachache, wanaotumiana picha na kubishana kuhusu milio ya honi. Wakaniingiza. Nilikuwa mtu wa kisiwani peke yangu humo, wakanibandika jina la Mpemba wa Reli, nami nikalipenda.

Siku moja wakatangaza safari. Watakodi kichwa cha zamani cha dizeli na mabehewa machache ya zamani, waende Morogoro na kurudi siku hiyohiyo, wakisimama njiani kupiga picha. Bei ya kiti kimoja ilikuwa mshahara wangu wa mwezi mzima na zaidi kidogo, na chakula hakimo. Nikadhani wamekosea tarakimu. Nikampigia katibu wa kikundi, mama mmoja wa Dar mwenye sauti ya upole.

"Mwalimu, hatujakosea," aliniambia. "Treni ya kawaida gharama zake zinagawanywa kwa mamia ya watu. Sisi tupo arubaini, na kichwa kinakunywa mafuta yaleyale. Dereva analipwa, msaidizi wake analipwa, na tukisimama njiani reli inatungoja sisi, na hilo nalo tunalilipia."

Hesabu yake ilikuwa sawa, na hilo ndilo lililoniumiza. Ningeona wananiibia, ningelala usingizi wangu na kusahau.

Nikamwambia mke wangu. Yeye analima mwani. Maji yakitoka pwani yumo na wenzake, wanafunga mbegu kwenye kamba, na jioni anarudi vidole vimekunjamana kwa chumvi. Hakucheka, ingawa nilitarajia acheke.

"Hiyo treni inakwenda wapi?" aliuliza.

"Morogoro."

"Kuna nini Morogoro?"

"Hakuna kitu. Inafika, inageuka, inarudi."

Akafikiri kidogo. "Basi mtu analipia kule kwenda tu."

"Ndiyo. Analipia kwenda."

Baada ya kama wiki mbili alinijia ukumbini, akafungua ncha ya kanga yake na kunitolea pesa za mwani. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani anazo.

"Ongezea hizi," alisema. "Tusije tukaadhirika katika miji ya watu."

Alisema tusije. Niliisikia ile "tu" vizuri kabisa. Mimi ni mwalimu, kiambishi hakinipiti. Nikajua hapohapo kwamba yeye amefahamu tunakwenda wawili, na kwamba kwa pesa zetu zote, zangu na zake, kinapatikana kiti kimoja. Nilipaswa kusema. Badala yake nikasema ahsante, Mungu akuzidishie, nikazipokea.

Nilimwambia siku tano kabla ya safari, tena nikiwa nimesimama mlangoni, kama mtu anayetaka kukimbia. Nikamweleza bei. Alikuwa akichambua mchele, na mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Kiti kimoja?"

"Kimoja. Na nimeshalipa."

"Haya," akasema, mkono ukaendelea na mchele. "Nenda wewe, Mwalimu. Wewe ndiye mwenye hamu nayo."

Nikaondoka. Nikapanda gari mpaka Mkoani, boti mpaka Unguja, na boti nyingine mpaka Dar. Asubuhi yake nikasimama stesheni na watu arubaini wenye kamera shingoni, na nitasema kweli: ilikuwa siku ya furaha kubwa. Sitaki kuisimulia kana kwamba niliadhibiwa. Treni ilipovuta na behewa likastuka chini yangu, nilihisi kifua kinajaa kama cha mtoto siku ya Idi. Nilikaa dirishani nikahesabu nguzo za kando ya reli mpaka zikanishinda. Wenzangu walionijua kwa jina la simu tu walinikumbatia. Mmoja wao, bwana kutoka Mwanza, aligawana nami chapati zake, maana chakula cha kwenye behewa bei yake niliitazama tu nikairudisha menyu mezani.

Mahali fulani penye daraja tulisimama, tukateremshwa sote na kupangwa kwenye majani. Treni ikarudi nyuma mpaka isionekane, kisha ikaja tena kwa kasi, tupu, ikipiga honi, ili tupate kuipiga picha. Ikafanya hivyo mara mbili. Mama aliyekuwa akipita na ndoo ya machungwa akasimama karibu yangu.

"Imeharibika?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Tunaipiga picha."

"Na nyie ndio abiria?"

"Ndio sisi."

"Mmelipa?"

"Tumelipa."

Akatutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa, akaniuzia machungwa mawili.

Kabla ya Morogoro dereva alinikaribisha juu kwenye kichwa, baada ya wenzangu kumwambia nimetoka wapi. Akanionyesha vipimo vyake, kisha akaniruhusu kupiga honi. Niliipiga. Sauti ikaenda mpaka milimani, nami nikageuka kumwambia mtu, umesikia? Nyuma yangu alikuwepo yule bwana wa Mwanza, jicho moja amelifumba na jingine limo kwenye kamera. Nikageuka tena mbele.

Nilipofika nyumbani, mke wangu aliniwekea chakula, akakaa kunisikiliza. Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Kwa aibu niliyokuwa nayo nikaipunguza safari. Nikamwambia kulikuwa na joto, vumbi, viti vigumu, hukukosa kitu. Ya honi sikuitaja. Nilidhani namfariji. Yeye akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole na safari," akaondoa sahani.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa natafuta vyeti vyangu kwenye sanduku la nguo, nikakuta viatu vya kike vya kufunga kamba, vipya, karatasi za dukani bado zimo ndani. Mke wangu havai viatu vya namna hiyo. Nikatoka navyo uani.

"Hivi vya nani?"

Akavitazama. "Vyangu. Nilivinunua Wete."

"Vya nini?"

"Niliambiwa baina ya treni na pale pa kukanyagia pana uwazi," akasema, "na mtu akivaa kandambili humvuka ikaanguka chini, asiipate tena."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayeeleza njia kwa mgeni. Nikavirudisha sandukuni na karatasi zake.

Kikundi kilipotangaza safari nyingine, mwaka uliofuata, nikawaandikia kwamba sitakuwepo. Walinisikitikia, wakadhani ni pesa. Pesa nilikuwa nazo, ila nilikuwa nimeshaketi na karatasi nikaona kuwa bei ya kiti kimoja cha safari yao inatutosha sisi wawili kwenda Dodoma na kurudi kwa treni mpya ya umeme, viti vya kawaida, pamoja na boti na pa kulala. Sikungoja siku tano za mwisho. Nilimwambia jioni ileile, nikiwa nimekaa.

Boti ilimtesa. Alitapika kutoka Mkoani mpaka karibu na Unguja, akaapa Wallahi hatatoka tena Pemba. Ndani ya treni akapata nafuu, na mimi nikaanza kumsomesha. Nikamweleza upana wa reli, umeme unavyoshuka kutoka kwenye nyaya, tofauti ya treni hii na ya zamani.

"Mwalimu," akanikatiza, "niache nione."

Nikamwacha. Akaona mashamba ya mkonge, akaona ng'ombe, akazungumza na mama wa kiti cha mbele mpaka wakaulizana watoto. Baada ya Morogoro tukaingia njia iliyotobolewa ndani ya mlima, giza ghafla. Akanikamata mkono kwa nguvu, nikamsikia akisema Bismillahi. Mwanga uliporudi hakuuachia mkono wangu.

"Ipo nyingine?"

"Zipo."

"Nambie kabla."

Tulipopita ya mwisho aliniuliza nauli ya leo ni kiasi gani, nikamwambia. Kisha akauliza ile ya kwangu ilikuwa kiasi gani hasa, pamoja na boti na kila kitu, nikamwambia na hiyo, bila kuipunguza. Akatazama nje.

"Ghali," akasema. "Na ulifurahi?"

"Nilifurahi sana. Dereva aliniachia nikapiga honi."

Akanigeukia. "Mbona hukunambia?"

Nikamweleza sababu, vibaya vibaya, maneno yakinigongana. Alinisikiliza, halafu akataka nimwigizie ile honi ilivyolia. Ndani ya behewa lililojaa watu, mwalimu mzima, nikamwigizia. Mama wa kiti cha mbele akaangua kicheko, na mke wangu akacheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio.

Siku ya kurudi nilimpa tena kiti cha dirishani. Alilala kabla hatujaifikia milima, kichwa kikigonga kioo taratibu. Nilinyoosha mkono nimwamshe, maana tulikuwa tunaingia ndani ya mlima, palepale aliponikamata mkono, na kiti kile tumekilipia. Kisha nikaurudisha. Nikamwekea mkoba wangu baina ya kichwa na kioo, nikamwacha alale.