Kan wa Bata na Kan wa Vikaragosi

Kama kuna mtu katika mji mzima wa Tainan aliyewahi kukonda kwa sababu ya jina lisilo lake, ni Bi Lai Pi-yun wa maktaba ya chuo. Kazi yake ilikuwa kuipa kila makala ya wasomi utambulisho wake: kaandika nani, lini, jarida gani, na nani wengine wameitaja. Ikifanyika vizuri hakuna anayeiona. Ikiharibika, lo, kila mtu anaijua njia ya kufika mezani kwako.

Mwaka ule walikuwapo chuoni watu wawili, wote Kan Wen-po, herufi kwa herufi. Mmoja mzee wa kukaribia kustaafu, bingwa wa vikaragosi vya mahekaluni. Mwingine kijana, aliyeutoa ujana wake kuchunguza kwa nini bata hutaga nje ya kiota. Mashine ya maktaba, yaani kompyuta inayotunza majina hayo, kwa uvivu wake wa kuzaliwa, iliwafanya mtu mmoja.

Sasa kijana, Kan wa Bata, alikuwa kwenye mkataba wa majaribio. Ijumaa kamati ingekaa, ingeitazama mashine, na ikikuta hakuna aliyemtaja, basi afungashe virago. Naye alitajwa na wapenda bata wa dunia nzima! Ila sifa zote zilimwendea mzee.

Jumatatu Bi Pi-yun akawatenganisha. Jumanne asubuhi akawakuta wameungana tena.

Akainua macho juu ya mashine. Pale palikaa pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ile inayowekwa, kwa desturi ya huko, ili mashine iwe na adabu. Sharti iwe ya kijani, isiwe imepita tarehe, na haliwi. Ilikuwa tupu.

"Nani kala adabu ya mashine?" akapiga kelele, maktabani humo humo.

Kan wa Bata, ambaye tangu wiki iliyopita alikuwa akija kusimama pale na kulia shida zake, akajifuta unga mdomoni. "Dada Pi-yun, nisamehe. Nikiwa na wasiwasi mkono unajiendea wenyewe."

"Mkono wako na ukufukuzishe kazi, basi! Mwalimu mzima!"

Akanunua pakiti nyingine, akawatenganisha upya. Jumatano wakaungana tena, pakiti ikiwa nzima. Hapo Bi Pi-yun akakubali kwa shingo upande kwamba dawa ni moja: kila Kan apewe namba yake ya kudumu, na kila mmoja aridhie kwa sahihi yake. Kan wa Bata alitia sahihi kabla hajaonyeshwa mahali pa kutia. Bi Pi-yun akapanda kwa mzee.

"Namba?" Kan wa Vikaragosi akauliza. "Mimi nimekuwa mfungwa, binti?"

"Mwalimu, mwenzako atapoteza kazi."

"Mwenzangu yupi? Mashine inasema sisi ni mmoja. Mimi ni nani nibishane na mashine?" Akaendelea kumpaka rangi jenerali wa mbao mkononi mwake. Mzee alishaonja utamu, hiyo ndiyo kweli. Alikuwa anapokea barua pepe za bata kila wiki, na, aibu iliyoje, alikuwa anazijibu.

Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Alhamisi mchana akaingia maktabani Mama Hsueh, mfugaji kutoka Pingtung, viatu vya mpira miguuni, na matenga mawili ya bata wanaochechemea.

"Yuko wapi Mwalimu Kan Wen-po? Kompyuta yenu imesema ndiye mkubwa wa bata!"

Mzee alikuwa ameshuka kurudisha kitabu. Wanafunzi wakamnyooshea kidole kabla hajageuka.

"Ni wewe! Uliniandikia niwape tangawizi! Nimewapa. Wamezidi kuugua. Haya, washike, uwaone!"

"Mama, tafadhali, mimi..."

"Shika!"

Akashika. Bata akamnyea shati lote, kisha tenga likapinduka, na kundi zima likatawanyika kwenye rafu za sheria. Kan wa Bata akatokea mbio, akamwokota mmoja, akamkagua nyayo, akamnusa.

"Tangawizi? Bata na tangawizi ni supu, Mwalimu! Huyu anaumwa nyayo zake tu, sakafu ya banda lao ni mbaya. Mama, tandika maganda ya mpunga, makavu."

"Ni kijana huyu!" Mama Hsueh akamwambia mzee kwa hasira. "Sasa wewe ni nani?"

Mzee akamgeukia Bi Pi-yun, mavi ya bata kifuani. Kisha akanong'ona, "Binti, lete hiyo namba."

Ijumaa kamati ikatazama mashine, ikamkuta Kan wa Bata ametajwa kila upande, na kazi yake ikabaki. Jioni ile mzee akaja mezani kwa Bi Pi-yun.

"Mimi sasa nimetajwa mara ngapi?"

Bi Pi-yun alitamani kudanganya. "Sifuri, Mwalimu."

"Nilijua si mimi wanayemtaka," mzee akasema. "Lakini walikuwa wananiandikia." Akaenda zake, na Bi Pi-yun akadondosha chozi la kweli, mwanamke asiyelia hata misibani.

Majira ya baridi ikaja makala mpya ya Kan wa Bata: bata hurudi kiotani vizuri zaidi wakipigiwa ngoma za vikaragosi. Kwenye marejeo, mstari wa mwisho, kulikuwa na utafiti wa mzee kuhusu ngoma hizo. Bi Pi-yun akaandika kila kitu polepole, jina, mwaka, namba. Mashine ikakataa, ikauliza: huyu mwandishi si anajitaja mwenyewe?

"Mshenzi wewe," Bi Pi-yun akaiambia, akabonyeza hapana, kisha akampigia mzee simu.

Alifika na ndala za ofisini, anahema, pakiti ya kijani mkononi. Akaiweka juu ya mashine kwa mikono miwili. Kisha akainama, akausoma mstari ule, pua karibu iguse kioo.

"Moja," akasema. "Na huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Mwalimu. Wewe peke yako."