Mwalimu Aliyewauliza Watoto Wanaogopa Nini

Shule niliacha darasa la pili, na hasara yake sikuwahi kuiona. Kusoma nasoma, kuandika naandika, kama unavyoona. Nyumba ya bati pale Nyasura, Bunda, niliijenga kwa kutengeneza baiskeli za watu kando ya barabara, na kwa biashara nyingine ambayo wakati ule mtu hakuitaja kwa sauti. Leo naitaja. Nilikuwa napokea sabuni na sukari zilizovuka mpaka kutoka Kenya, nauza kidogo kidogo kwa watu ninaowajua. Serikali iliita magendo. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, sasa wewe niambie watu wangeoga na nini. Siombi radhi.

Lakini usidhani nilikuwa sina hofu. Tajiri mmoja wa Iringo kule Musoma, ndiye aliyekuwa akinipa mzigo, walimfuata mchana kweupe ametoka msikitini, wakampandisha gari la serikali akiwa na kanzu yake ya Ijumaa. Ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi. Watu walitupa vitenge chooni, wengine walimwaga mafuta ya kupikia mtaroni. Tangu siku ile, gari likipunguza mwendo mbele ya banda langu, spana ilikuwa inanitoka mkononi.

Mzigo wangu niliuweka chini ya kitanda cha binti yangu. Maboksi ya sabuni na mifuko ya sukari chini, mbao juu yake, godoro la majani juu ya mbao. Nani atamwamsha mtoto wa darasa la tatu apekue kitanda chake? Ndivyo nilivyofikiri. Na kwa kuwa wenzake wote walifuliwa nguo kwa majani ya mpapai, nilimkataza mke wangu kumfulia kwa sabuni. Tulilalia sabuni, tukafua kwa majani. Nilijiona mjanja sana.

Ndipo akaja yule mwalimu. Msichana tu, ametokea Musoma, mwembamba, sauti ya chini. Madawati hayakutosha, basi yeye akayaondoa kabisa hata yale yaliyokuwepo, akawakalisha watoto chini kwa duara, wanatazamana. Kabla ya hesabu, kabla ya chochote, anawauliza mmoja mmoja: leo umeamkaje moyoni? Aliwafundisha kumtazama mtu usoni anapoongea. Aliwafundisha kungoja mwenzao amalize. Aliwafundisha kusema "nimekasirika" bila kutukana na bila kurusha ngumi. Na asiyetaka kusema alikuwa anasema "bado", zamu inampita, hakuna wa kumcheka.

Mimi nililelewa Butiama. Kwetu mtoto anaongea na mkubwa akitazama vidole vyake vya miguu. Nilipoelezwa habari za duara nikacheka nikasema huyu kakosa chaki ndiyo maana anacheza na watoto.

Sikucheka muda mrefu. Jioni moja tunakula, ugali ule wa mahindi ya njano ya msaada, na samaki furu wa kukaanga, binti akasema, "Baba, kesho duara letu tunasema tunachoogopa."

Nikarudisha tonge sahanini.

"Kusema wapi?"

"Darasani. Kila mtu kwa zamu yake. Leo wamesema wa upande wa mlango, kesho ni sisi."

"Na wewe utasema nini?"

Akanitazama usoni, ndivyo walivyofundishwa. "Sijui. Vitu ni vingi."

Mke wangu akaacha kula. Mtaa mzima ulijua kwamba katika darasa lile alikuwemo mtoto wa kamanda wa mgambo, yule aliyekuwa akiongoza msako Bunda. Nikaona kila kitu kama kimeshatokea: binti anasimama, anasema naogopa kulalia vitu vya baba, mtoto wa kamanda anakwenda nyumbani, anasimulia akinywa uji, na mimi napandishwa gari.

"Utasema unaogopa fisi," nikamwambia.

"Fisi siwaogopi, baba. Sijawahi hata kuwaona."

"Kesho utawaogopa. Umesikia? Fisi!"

Akainama.

Asubuhi sikuweza kufanya kazi. Mteja alileta baiskeli yenye pancha nikamfungulia breki. Mwishowe nikafunga banda, nikaenda shuleni, nikazunguka nyuma ya darasa ambako madirisha yalikuwa matundu tu. Nikachuchumaa chini ya dirisha.

Mtoto wa kwanza akasema, "Mimi naogopa fisi."

Wa pili, "Fisi."

Wa tatu akaongeza chumvi: "Fisi wawili."

Nilifikiri mimi peke yangu ndiye mwenye akili Nyasura, kumbe kila nyumba ilikuwa imekaa jana na ugali wake, ikachagua mnyama yule yule. Fisi, fisi, fisi, duara linazunguka. Mtaa mzima umejianika. Mtu mwenye masikio asingehitaji kupekua hata kitanda kimoja.

Nikasikia mtu anapumua karibu yangu. Nikageuka. Chini ya dirisha la pili, amechuchumaa kama mimi, bunduki ameilaza kwenye nyasi: kamanda wa mgambo.

"Fundi," akanong'ona, "umepoteza nini hapa?"

"Nimemletea mtoto kalamu, kamanda."

"Iko wapi?"

"Nimeisahau."

Akanitazama. "Mimi nakagua majengo."

"Unakagua ukiwa umechuchumaa, mkubwa?"

Ulimi wangu huo, siku moja utaniua. Lakini ndani zamu ilikuwa imefika kwa binti yangu. Niliitambua sauti yake hata kabla hajasema neno, alivyokohoa.

"Baba kaniambia niseme fisi," akasema.

Nilishika ukuta. Nilijihesabu nimekwisha.

"Na wewe mwenyewe?" mwalimu akauliza, taratibu.

Nilingoja. Kamanda naye alingoja, namwona kwa pembe ya jicho.

"Bado," akasema binti.

"Haya, asante. Kaa."

Na hapo hapo sauti ya kitoto, ya kiume, ikasema, "Mwalimu, na mimi mama kaniambia niseme fisi. Kasema nisiseme lolote lingine."

Kamanda alifumba macho. Alikuwa mtoto wake. Nikaelewa, na yeye akaona nimeelewa: hata kwake, chini ya kitanda fulani, kulikuwa na kitu.

Mwalimu akasema maneno ambayo naweza kuyarudia hadi leo. "Wanangu, mimi siulizi nyumbani kuna nini. Hayo ni ya wazazi wenu. Nauliza moyoni kuna nini. Hivyo ni vitu viwili, na kuvitenganisha ndiyo kazi tunayojifunza hapa." Kisha akasema, "Nani anaogopa kweli, hata kama hajui kusema ni nini? Anyooshe mkono."

Sikuona ndani. Nilisikia tu nguo zikisuguana, mikono mingi inapanda kwa pamoja.

Kamanda akaokota bunduki yake. Akajifuta magoti. Akasema bila kunitazama, kama anaongea na ukuta, "Kesho asubuhi tunaanzia upande wenu. Siwezi kupita nyumba yako nikaiacha, nina vijana nyuma yangu wanaoniangalia."

Mchana ule ule nilibeba kila kitu kwa baiskeli, safari baada ya safari, nimefunika kwa majani ya viazi, nikakizika kwenye shimo la muhogo shambani. Mzigo wenyewe haukuuzwa. Mvua ilinyesha, sukari ikanywa maji, sabuni zikawa uji. Haidhuru.

Walikuja jua linachomoza. Kamanda na vijana wanne, mmoja wao mgeni kabisa, ametumwa na wakubwa kutoka Musoma, ana daftari kwapani na macho yasiyotulia. Walimwaga unga wetu sakafuni. Walichoma magunia kwa chuma. Mke wangu alikaa nje kwenye jiwe, mikono mapajani. Mimi niliambiwa nisimame mlangoni, nikaegemea fremu.

Wakaingia chumba cha binti. Wakainua godoro, wakainua mbao. Patupu. Nikaanza kupumua. Ndipo yule mgeni akainama, akachomoa pembeni kabisa, palipokutana ukuta na sakafu, kipande cha sabuni kisichozidi kidole gumba. Kilivunjika nilipokuwa nahamisha, nami sikukiona.

"Hiki nini?" akauliza.

Ningesema ni cha kufulia? Hata majani ya mpapai yalikuwa yameanikwa nje, yakinisuta.

Mgeni akamgeukia binti yangu, aliyekuwa amesimama kwenye pembe na sare ya shule. "Wewe mtoto. Umepata wapi hii? Kulikuwa na nyingine?"

Nilitaka atazame chini. Mungu wangu, nilitaka atazame chini kama tulivyolelewa, alie, awe mtoto tu. Yeye aliinua uso. Akamtazama yule mtu machoni, kisha bunduki, kisha akamtazama tena machoni.

"Ninaogopa," akasema. "Sijibu sasa. Bado."

"Bado nini?"

"Bado, shikamoo."

Kijana mmoja wa mgambo akacheka puani. Mgeni hakucheka. "Huyu nani anamfundisha kujibu wakubwa hivi? Mwalimu wake nani?"

Hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote, kwa kuwa sasa hatukuwa sisi tu, na yule msichana mwembamba wa chaki naye angepandishwa gari pamoja nami. Kamanda akapiga hatua mbele. Akakitwaa kile kipande kutoka mkononi mwa mgeni, akakinusa, akakitia mfuko wa shati.

"Mwalimu wake ndiye mwalimu wa mwanangu," akasema. "Na wangu ananijibu hivyo hivyo kila siku, mpaka nimechoka. Humu hamna kitu. Nyumba inayofuata."

Wakatoka. Mgeni alikuwa wa mwisho, alisimama kidogo uani akiandika, nikafikiri anarudi. Hakurudi.

Niliingia chumbani nimeshika fimbo. Nasema wazi, nilitaka kumchapa. Mtoto kumkodolea macho mtu wa serikali, kumwambia bado, kutuweka sote kwenye ncha ile! Kwetu Butiama angechapwa na ukoo mzima. Yeye alikuwa angali pale pale kwenye pembe, hajasogea, ananitazama, anangoja niseme. Nikainua mkono. Fimbo ilikuwa inagonga ukuta, tak tak tak, na sikuwa naigonga mimi, mkono ulikuwa unatetemeka wenyewe. Nikaona haya kumchapa mtoto kwa mkono unaotetemeka. Nikakaa chini kwenye ule unga uliomwagika, sare yake ikiwa mbele ya uso wangu, na sikuweza kusimama mpaka mama yake alipoingia.