Boti ya Doria ya Kipili

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Nilizaliwa Katandala, nikaolewa Kipili na mvuvi, na boti ya doria ilipoletwa ziwani sikuwaamini wageni walioikabidhi. Walitoka kwenye taifa linaloinuka kwa kasi, linalojenga bandari kila pembe. Haikupita miezi mingi, taifa jingine, hasimu wake, likaleta redio na wakufunzi wa askari wetu. Mume wangu akasema serikali ina akili, inampokea huyu ili yule asijione mwenye nyumba. Nikamwambia fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi ni sisi. Akacheka tu.

Wavuvi nao wakaingizwa kwenye ulinzi. Kila kaya ikapewa namba ya kupiga ikiona mtumbwi wa kigeni. Ila ziwani tuna desturi yetu. Mtu akiletwa na dhoruba, awe wa Kongo au wa Zambia, anapewa moto na ugali kwanza, maswali baadaye. Wenzetu wa ng'ambo nao hututendea hivyohivyo.

Siku moja mume wangu akiwa Sumbawanga kutafuta nyavu, wakaingia wanaume wawili wameloa chapachapa, injini yao imekufa. Walisema ni wavuvi wa Kongo. Mimi niliona jerikeni nyingi mno. Nikawatengea ugali na samaki wa migebuka, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapiga ile namba. Askari waliwakuta bado wanakula.

Walishikiliwa wiki nzima, kisha wakaachiwa. Jerikeni zilikuwa na mafuta ya mawese tu.

Mume wangu aliporudi hakugomba, na hilo lilinitisha zaidi.

"Ziwa likinitupa kule," aliniuliza, "nani atanipokea?"

Msimu uliofuata ziwa likamtupa kweli, akaenda kuvua asirudi. Siku tatu sikulala, nikijilaani kwa ajili ya mdomo wangu. Siku ya nne akaingia ndani amekonda, lakini mzima. Nililia, sioni aibu kusema.

Akasimulia kwamba alipokelewa na mmoja wa wale wawili. Mtu huyo alipojua kuwa mgeni wake ni wa Kipili, alimsimulia alivyokamatwa kwetu, kisha akamkokea moto, akampa chakula na nguo kavu, hata injini akamsaidia kuitengeneza. Kuhusu mimi hakuuliza neno.

Nilipaswa kushukuru. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Sasa alikuwa anataka nini kwako?"

Mume wangu akatoka nje kwenda kulala kwa kaka yake.