Kura za Chama cha Maziwa

Niliacha shule darasa la sita, lakini kutoka Mweiga mpaka Timau, mkutano ukizidi ukumbi, ni mimi huitwa. Siku ya uchaguzi wa chama cha maziwa, wanachama waliokosa nafasi walikaa kwenye hema nje. Nilivuta waya mrefu wa kamera kutoka ukumbini, nikaupitisha kwa televisheni tatu za zamani pale hemani, moja hadi nyingine.

Mikono ikainuliwa ndani. Mama mmoja akasimama hemani.

"Fundi, ati kila mkono uko na mwenzake? Wanatuibia kura!"

Kweli, kwenye skrini, kando ya kila mkono kulikuwa na kivuli chake. Hema yote ikaanza kelele. Mwenyekiti akatoka mbio.

"Fundi, hawa wakienda nyumbani hakuna uchaguzi!"

"Mzee, nipe dakika mbili."

Waya mimi naujua kama ng'ombe wangu. Picha ikifika mwisho wa waya bila kitu cha kuimeza, inageuka na kurudi, na kivuli ndicho hicho. Haraka ya asubuhi ilinifanya nisahau kufunga mwisho. Nikachomeka rezista ndogo, kidude cha kumeza umeme, ya ohm sabini na tano, inayolingana na waya, kwa televisheni ya tatu peke yake, ile ya mwisho. Ukiweka kwa zote, picha inafifia. Kivuli kikapotea. Mwalimu wa fizikia aliyekuwa hapo akainama kuiangalia ile rezista.

Kura ikarudiwa. Mama alihesabu mikono kwa kidole, polepole, mpaka wa mwisho. Mgombea wake alishindwa.

"Ameshindwa kweli," akasema, akaketi.