Mkono Wenye Nyusi

Kila asubuhi, kabla ya chai, mama mdogo hukunja mkono wa kushoto wa gauni lake, hulaza mkono mezani kama mtu anayesubiri kupimwa presha, kisha huanza kuzipaka nyusi zake vipodozi. Si nyusi za usoni. Ni nyusi alizojichora mwenyewe kwa sindano upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kiganja, zimepangwa moja chini ya nyingine kama ngazi. Karibu kila moja ina kipodozi chake, na kila moja ina jina.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, na kazi yake ni nyusi za kudumu. Anaingiza wino kwenye ngozi kwa sindano nyembamba, unywele mmoja mmoja, mpaka mtu aliyeingia saluni hana nyusi anatoka nazo. Wateja humwita Fundi, naye huitika kwa sauti ya mtu anayepewa haki yake.

Nyusi ya juu kabisa, karibu na kiwiko, ni Malkia. Huyo, ukiacha mara moja tu, hapakwi chochote ila maji, ili wengine wapimwe kwake. Anafuata Mama Mkwe, anayesuguliwa sabuni ya kipande na hatikisiki. Wifi hupakwa mafuta yenye manukato, na siku hizi amekuwa mwekundumwekundu, kama mwenye kinyongo. Wa mwisho ni Mume wa Kwanza. Huyo alipakwa maji ya kung'arisha uso, yale yenye asidi ya matunda.

"Alikuwa mweusi, mzuri, ameshiba," mama mdogo huwaambia wateja. "Akaanza kufifia, akaondoka bila kuaga." Kisha hucheka peke yake mpaka kope zinalowa.

Hakuna kitu kinachopanda kwenye rafu ya saluni kabla hakijapita mkononi. Mawakala wa vipodozi wanamjua. "Dada, hii inauzwa kila mahali," husema. Naye hujibu, "Basi hata hapa mkononi haitashindwa kufika. Iache, urudi mwezi ujao." Mimi humsomea maandishi madogo ya nyuma ya chupa. Yeye husikiliza akiwa amefumba macho, na neno baya likifika huinua kidole.

Mwaka jana mkono huo ulishtakiwa.

Mshtaki alikuwa fundi cherehani wa mtaa wetu, anayeitwa Redio kwa sababu habari kwake haziwahi kulala. Maradhi ya muda mrefu yalikuwa yamemnyonyoa nyusi, hazikuota tena, na kwa miaka alitembea na kitambaa kimeshushwa hadi kwenye macho. Mama mdogo alipomchora, alikitupa kitambaa na kuzunguka mtaa mzima akiomba watu wamtazame. Wateja wengi walikuja kwa sababu ya paji lile.

Ndipo Jumamosi moja, saluni imejaa, akaingia na kitambaa chake cha zamani. Akakivuta.

"Jamani, tazameni! Nilikuja hapa sina nyusi, nikapewa nyusi, sasa nina kutu!"

Ilikuwa kweli. Nyusi zilikuwa zimepauka na kugeuka rangi ya msumari uliolala nje.

"Wino wa bandia! Huyu ni tapeli, na mimi ndiye niliyemtangaza!"

Mwanamke aliyekuwa kwenye kiti, ameshachorwa kwa penseli akingoja sindano, alikumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni. Aliondoka na nyusi zake za penseli. Mama mdogo alinawa mikono, akageuza taa, akaonyesha kiti kilichoachwa wazi.

"Kaa. Unapaka nini usoni?"

"Sabuni uliyonipa na mafuta uliyonipa. Unataka kunigeuzia kibao?"

"Na nini tena?"

"Hakuna." Akautazama mkoba wake. "Labda kile kichupa cha kuondoa mabaka. Lakini nyusi sizigusi! Uliniambia kwenye nyusi nisipake, sipaki. Napaka huku juu tu, kwenye paji, kila nikienda kulala."

Akakitoa mkobani, kikiwa kimezongwa na futi ya kupimia na nyuzi za rangi zote. Nilianza kusoma nyuma yake. Sikufika mbali; kwenye asidi ya matunda kidole cha mama mdogo kikainuka.

Alimpa Redio kioo. "Tazama kingo za nyusi zako. Juu zimekwisha, chini bado ni nyeusi. Wino mbovu ungefifia wote. Hizi zinaliwa kutoka juu."

Akakunja mkono wa gauni, akamwonyesha kivuli kilichobaki cha Mume wa Kwanza.

"Huyo ulimpaka juu yake!" Redio akapaza sauti. "Mimi napaka mbali. Kitu cha kwenye paji kitashukaje? Kina miguu?"

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walicheka, na kicheko hakikuwa upande wetu. Mama mdogo aliutazama mkono wake. Halafu akafungua kile kichupa, akapaka mstari juu ya Malkia, upana wa kidole kutoka kwake, bila kumgusa.

"Mama mdogo! Huyo ni Malkia!"

"Naye leo afanye kazi," akasema. Kisha akamgeukia Redio. "Niachie kichupa. Nitapaka kila nikienda kulala, kama wewe. Njoo kila Jumamosi umkague. Akibaki kama alivyo, nitakuja kusimama kwenye mlango wa duka lako niwaambie watu mwenyewe kwamba wino wangu ni mbovu."

Kazi hii haijisemei kwa bango. Mtu humkabidhi fundi uso wake kwa kuambiwa na mwenzake, na sasa mwenzake alikuwa akisema kutu. Viti vilibaki vitupu. Muuguzi aliyekuwa akituletea wanawake walionyonyoka nyusi kwa maradhi alituma salamu kwamba atasubiri kwanza. Nilijua mama mdogo akishindwa atasimama kwenye ule mlango kweli, na kwamba baada ya hapo hatagusa sindano tena.

Redio hakukosa Jumamosi hata moja. Alikuja na futi shingoni na pini kwenye ukosi, akaushika mkono wa mama mdogo na kuukagua kama pindo lililoshonwa na mwanafunzi.

"Bado mweusi," alisema, kwa raha.

"Bado. Karibu tena."

"Mweusi ti!"

"Nimeona. Karibu tena."

Alianza kuja na mashahidi kutoka dukani kwake. Mama mdogo aliwapa viti. Malkia alikaguliwa kama bibi harusi.

Halafu ikafika Jumamosi ambayo Redio aliinama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ukingo wa juu wa Malkia ulikuwa umegeuka kutu. Ule wa chini ulikuwa mweusi kama siku ya kwanza. Alipitisha kidole gumba pale, polepole.

"Imeshuka yenyewe," akatamka mwishowe.

"Kwa jasho, na kwa mkono wa gauni. Kwako ni jasho na mto."

"Kumbe kikulacho kilikuwa mkobani mwangu, katikati ya nyuzi."

"Na mimi nina sehemu yangu," mama mdogo akasema, mbele ya mashahidi wote. "Nilikwambia usipake kwenye nyusi. Nilipaswa kukwambia uliache paji zima."

Redio hakununua kichupa kingine, ngozi ikapumzika, kisha mama mdogo akamjazia nyusi upya, unywele mmoja mmoja. Alitoka kitambaa kikiwa mkononi, na redio ikaanza kutangaza upande wa pili. Siku hizi wanawake huja na mifuko ya chupa hata kama hawataki nyusi. "Fundi, hii je?" Yeye huwaonyesha kwa kiganja: kuanzia kwenye nywele mpaka kwenye kope ni mali ya nyusi, hapo ni sabuni isiyo na manukato, mafuta mepesi, krimu ya kuzuia jua, basi. Muuguzi naye alirudi, amemshika mkono mwanamke aliyevaa kofia ya sufu katikati ya joto. Mama mdogo alimpokea mlangoni, kichwa juu, kama mwenye nyumba.

Jioni hiyo, tukifuta viti, nilimuuliza swali nililokuwa nalo tangu ile Jumamosi ya kwanza. Alipoitwa tapeli mbele ya watu wote wale, kwa nini hakujibu?

Mama mdogo alikamua kitambaa, akakianika kwenye ukingo wa sinki.

"Ningejibu nini? Nyusi zilikuwa zimefifia kweli."